Mtoe Paka

Simu ndiyo iliyotuua. Ndivyo kaka yangu alivyokuwa akimwambia kila aliyeuliza kwa nini Kiganja hakiuziki tena, na wengine wengi ambao hawakuuliza. Dereva wa kupeleka mizigo aliambiwa. Mwenye jengo aliambiwa, naye akaitikia kwa heshima huku akiperuzi simu yake. Mimi niliambiwa asubuhi na jioni kama mgonjwa anayepewa dawa, na nilikuwa nimechoka nayo, maana mtu wa mauzo pale karakana nilikuwa mimi, na sikuwahi kukutana na mteja hata mmoja aliyeniambia, "Samahani dada, mimi nina simu." Walichokuwa wakifanya ni kukishika Kiganja, kukibonyezabonyeza kidogo, kisha kukirudisha mezani taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu aliyejikojolea.

Kiganja, kwa asiyekijua, ni kidude cha kuchezea gemu kinachoenea mkononi. Kina kioo kidogo, batani nne upande wa kushoto na mbili upande wa kulia, na kadi inayochomekwa mgongoni, ambayo ndiyo yenye gemu. Hakina intaneti, hakipigi picha, hakimtumii mtu ujumbe. Kaka alikibuni akiwa bado hajaoa, na zamani kilivuma kweli kweli. Kuna watu wazima leo, wenye vitambi na vyeo, wakisikia ule mlio wake wa kuwaka wanageuka. Lakini wanageuka tu, halafu wanaendelea na safari zao. Stoo yetu ilikuwa imejaa mpaka mlango tunausukuma kwa bega, na mwenye jengo alikuwa ameshaleta watu wa kupima madirisha na milango. Alisema ni kwa ajili ya rangi. Sijawahi kuona mtu anayepima upana wa mlango kwa ajili ya rangi.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Katikati palikuwa na meza ndefu, na kwenye meza hiyo waliketi akina mama tisa wenye aproni za bluu, wakichomelea nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, kila mmoja na taa yake na kifeni chake cha kufukuzia moshi. Kiongozi wao alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Wifi ana vidole ambavyo sijaviona kwa binadamu mwingine. Anaweza kuchomelea waya mwembamba kama unywele huku anakusimulia habari za jirani yake, na wala asipoteze waya wala habari.

Na hapo mezani ndipo palipokuwa na desturi yetu, ambayo wote waliihesabu kuwa fahari ya nyumba. Kila kaka alipotunga gemu mpya, aliileta saa ya chakula cha mchana. Chai inamiminwa, vikombe vinapangwa katikati ya meza, halafu kadi zinagawiwa na akina mama wanaanza kucheza. Yeyote akiimaliza gemu kabla chai haijapoa, meza nzima inapiga kelele: "Maji!" Maana yake gemu haina ladha. Kaka anacheka, anakusanya kadi zake, anarudi kwenye kile chumba chake cha vioo mwisho wa karakana, na kesho yake analeta nyingine, yenye adui mwenye mbio zaidi na njia nyembamba zaidi. Chai ikipoa na hakuna aliyeimaliza, basi gemu imekomaa, inakwenda sokoni. Fundi ameiva, wanasema akina mama, na wanakunywa chai yao baridi kwa furaha.

Sasa hebu fikiria. Watu walewale, meza ileile, mwaka baada ya mwaka. Vidole vyao vinazidi kuwa vyepesi, na kaka anazidi kuwakimbiza. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kaka yangu alikuwa akiivutia ngoma yake kwa watu tisa, au tuseme ukweli, kwa mtu mmoja, maana aliyekuwa akipiga kelele ya "Maji!" wa kwanza siku zote alikuwa wifi.

Mimi sikuwahi kuvuka hatua ya kwanza ya gemu yoyote. Sikuficha. Niliwaambia mara chungu nzima, na kila nikisema walicheka mpaka wanajifuta machozi kwa aproni.

"Wifi, hivyo ni vidole au vibanio vya nguo?" mke wa kaka ananiuliza.

"Kama mimi siwezi, mteja ataweza vipi?"

"Mteja ana vidole, wifi yangu. Wewe kauze tu, sisi tucheze."

Na mwingine anadakia kutoka mwisho wa meza, "Asiyekubali kushindwa si mshindani!" Nilikuwa naondoka pale nimevimba kwa hasira, nakwenda kuwauzia watu kitu ambacho mimi mwenyewe kilinitoa jasho.

Wazo la kubadilisha soko lilikuwa langu. Nilimwambia kaka tuwaache vijana. Vijana wameshakwenda, na anayekimbia nyuma ya gari lililokwisha kuondoka anapata vumbi tu. Tuwatafute waliochoka. Kuna mama anayekaa foleni ya hospitali toka asubuhi, na mlinzi getini. Kuna mzee aliyenunuliwa simu kubwa na wanawe na anaogopa kuigusa asije akabonyeza kitu pesa zikapotea. Kuna wazazi wasiotaka mtoto azurure kwenye intaneti. Tumekuwa tukiona aibu kwamba Kiganja hakina intaneti. Tuache aibu, tuiuze hiyo. Nilikuwa hata nimeshaandika maneno ya kubandika kwenye boksi: *Hakikupigii. Hakikutafuti. Ni chako tu.*

Kaka alisugua miwani yake kwa pindo la shati.

"Wazee," akasema.

"Wazee, walinzi, akina mama. Watu, kaka."

"Kiganja kilikuwa cha mabingwa."

"Mabingwa wako tisa, na wote tunawalipa sisi."

Akacheka bila kupenda. Mfa maji haachi kutapatapa, na hatukuwa na jingine la kushika. Akakubali.

Basi nikaenda kwa Mama Maduka. Huyu ni mwanamke mwenye supamaketi sita, mnene, mpole, anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na haongei sana. Nilichokitaka kwake ni ile rafu ya karibu na malipo, pale watu wanaposimama kwenye foleni na kikapu mkononi, hawana la kufanya, macho yanazurura. Rafu ile ndiyo inayouza vitu ambavyo mtu hakutoka nyumbani akivitaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasoma yale maneno ya boksi mara mbili.

"Wazo lako nalipenda," akasema. "Weka vidude vichache, vifunge kwa kamba, watu wajaribu wakiwa foleni. Tukiona vinawashika, rafu ni yenu, maduka yote sita."

Maduka yote sita yangemaliza stoo na kutupa kazi mwaka mzima. Tukikosa, karakana inafungwa. Hakukuwa na njia ya tatu, na kila mmoja pale mezani alilijua hilo. Nilirudi nikapanda ngazi mbili mbili, nikasimama mbele ya akina mama tisa na aproni zao, nikasema kwa mdomo wangu, "Rafu ile nitawaletea." Wakanipigia makofi. Mmoja wao, yule mdogo kuliko wote, ambaye ndiye anayemlisha mama yake mgonjwa, alinishika mkono na hakuuachia haraka.

Gemu tuliyoiweka ilikuwa mpya, imepita mezani kwa sifa: *Panya Ghalani*. Wewe ni panya, unavuka boriti za ghala ukiokota punje, na paka anakuwinda. Chai ilikuwa imepoa kabisa, wifi mwenyewe alifia kwenye boriti ya mwisho, na kaka alitembea siku nzima kifua mbele.

Nilisimama pembeni ya malipo, nimejifanya nachagua betri, nikawatazama watu. Wa kwanza alikuwa baba mmoja mwenye mwili mkubwa. Alikishika Kiganja, akakiwasha, akatabasamu kwa ule mlio. Panya akatokea. Paka akatokea. Panya akafa. Baba akabonyeza tena. Panya akafa. Akanigeukia, akidhani mimi ni mteja mwenzake.

"Mimi nilidhani ndiye paka," akasema kwa huzuni, akakiacha kikining'inia kwenye kamba.

Akaja msichana wa ofisini, akafa, akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona. Akaja mzee, akafa kabla hajavaa miwani. Halafu akaja bibi mmoja na sabuni mbili na mkate. Huyu alikuwa jasiri. Alijaribu, akajaribu, foleni ikasogea yeye hakusogea, mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo. Kila akifa, kidude kinapiga ule mlio wa kushindwa, ambao kaka aliutunga ufanane na kicheko. Mwishowe bibi akakiweka chini kwa nguvu.

"Nimekuja kununua sabuni," akamwambia mtu wa malipo, "sikuja kutukanwa."

Kabla wiki haijaisha Mama Maduka aliniita pale pale kwenye malipo. Alikuwa amekishika Kiganja mwenyewe, miwani yote miwili imeshuka puani. Alikufa mara tatu mbele yangu. Halafu akanikabidhi pamoja na vile vingine.

"Mwanangu, biashara yako naipenda. Ila hiki kidude hakinipendi mimi."

"Tutarekebisha, mama."

"Rekebisheni. Mwisho wa mwezi nileteeni kingine nikione. Lakini nikwambie ukweli, watu wa makava ya simu nao wananisumbua, wanaitaka rafu hiyohiyo."

Nilifika karakana saa ya chakula. Chai ilikuwa mezani. Nilivimwaga vile vidude vyote katikati ya vikombe, na kamba zake, chai ikamwagika, na nikasema yale niliyokuwa nimeyameza kwa miaka. Nikawaambia habari za bibi wa sabuni.

"Watu wavivu siku hizi," wifi akasema, akipangusa chai kwa aproni. "Wanataka kila kitu kijicheze chenyewe."

"Si wavivu, wifi. Wamekuja, wameshika, wamejaribu, tumewacheka. Kidude chetu kinawacheka watu!"

"Simu ndizo..." kaka akaanza.

"Simu hazikutuua, kaka! Tumejiua wenyewe, hapa, kwenye meza hii, na chai yetu! Duniani kote kuna mtu mmoja anayeweza kucheza gemu zako, na umemwoa."

Wifi akamgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza toka nimjue niliona vidole vyake havina kazi.

"Ni kweli? Ulikuwa unanitungia mimi?"

Kaka alivua miwani. Bila miwani ana uso wa mtoto.

"Nilidhani nikifanya rahisi utachoka," akasema.

Ni maneno mazuri kumwambia mke wako, na pengine nyumbani, wawili peke yao, yangewafaa miaka mingi. Pale mezani, mbele ya wenzake wenye watu wa kulisha, yalikuwa mabaya sana. Wifi aliinama akaanza kukusanya vikombe, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia kaka, nikajikasirikia na mimi kwa kuyatoa hadharani.

Siku zilizofuata kaka aliniketisha kwenye kile chumba chake cha vioo. Alinipa Kiganja, akasogeza kiti ubavuni pangu, akanitazama nikicheza. Hakuwahi kufanya hivyo maishani. Nilipokufa mara ya kwanza mkono wake ulirushwa mbele, ukataka kuninyang'anya; akaukalia. Nilipokufa mara ya sita akaacha kusema "ruka" na akaanza kuuliza.

"Hapo unaona nini?"

"Naona paka."

"Huoni boriti?"

"Kaka, mtu akiona paka hana muda wa kuona boriti."

Akaandika kitu kwenye kiganja cha mkono wake, akafuta, akampunguza paka mwendo. Nikafa. Akampunguza tena. Nikafa, lakini kwa kuchelewa kidogo. Tuliendelea hivyo mpaka siku moja nikakitupa kidude mezani.

"Mtoe paka."

"Bila paka ni nini sasa?"

"Ni panya anakula."

"Nani atakaa foleni amtazame panya anakula?"

"Watu wamechoka kuliwa, kaka. Waache nao wale."

Alinitazama kama vile nimemwambia aondoe kuta za nyumba ibaki paa. Lakini akamtoa. Akapanua boriti. Punje zikawa zinang'aa, na panya akizila anavimba kidogo tumboni na kutoa mlio fulani wa kushiba, mlio mtamu, sijui kaka aliutoa wapi. Akakifuta na kile kicheko. Kisha akampa panya ngazi ya kupandia, na dirisha mwisho wa ghala, lenye jua. Nilicheza nikafika dirishani. Mimi! Nilipiga kelele, nikaruka, nikagonga goti kwenye meza, na kaka akacheka kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Tukaicheza tena. Kila nilipokwama hata kidogo alilainisha, kila nilipokunja uso alilainisha zaidi, mpaka nikawa naimaliza huku napiga soga.

Wifi alipewa mezani. Alifika dirishani kabla sukari haijakorogwa. Wenzake walikuwa wameshafungua midomo kupiga ile kelele yao, akawakata kwa jicho.

"Ni nzuri," akasema. "Watu wataipenda." Akamrudishia mumewe kidude bila kumtazama, akawasha taa yake, akaendelea kuchomelea. Na wote tukaamini, kwa sababu tulitaka kuamini. Hata mimi nililala usingizi mzuri usiku ule.

Siku ya kwenda kwa Mama Maduka kaka alivaa koti lake la harusi, ambalo sasa halifungi. Ofisi ya mama iko juu ya duka, ina dirisha linalotazama malipo yote chini, na toka pale niliiona rafu yetu. Nusu yake ilikuwa na pipi. Nusu nyingine ilikuwa tupu, imefutwa vumbi.

Mama Maduka hakutuchelewesha. Alishusha miwani, akawasha. Panya akatokea, akala. Mama akaitikia kwa kichwa. Panya akala tena, akavimba, akatoa ule mlio wa kushiba, na Mama Maduka akacheka. Alicheka kweli, na mabega. Msaidizi wake akaingia na karatasi, akamfukuza kwa mkono. Panya akateleza kwenye ngazi, mama akasema, "Pole, pole baba," akampandisha tena. Nilimtupia kaka jicho la kuibia. Alikuwa ameegemea mbele, ameshika magoti, anafuata kila kitu usoni mwa yule mwanamke. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu maboksi.

Panya akafika dirishani. Jua likajaa kioo.

"Nimemaliza!" akasema Mama Maduka, amefurahi kama mtoto. "Haya, nyingine iko wapi?"

"Ni hiyo, mama," nikasema.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo. Unaweza kurudia."

Akakiweka mezani. Alikiweka vizuri, kwa upendo, akakipapasa. Kisha akavua miwani ya machoni, na nikajua.

"Mwanangu, mimi ni mfanyabiashara. Foleni yangu ya leo ni ndefu kuliko gemu hii. Mtu ataimaliza akiwa amesimama na kikapu, atafurahi, ataniambia asante, ataondoka. Atanunua nini, na ameshakula?"

"Tunaweza kuongeza, mama. Tupe wiki..."

"Ingekuwa juzi ningekupa." Alionekana anaumia, na nilimchukia kwa kuumia kwake. "Makava ya simu nimeshawasainia jana jioni. Mmekuja mara ya kwanza na kitu kisichochezeka, nikasema nisiweke mayai yote kwenye kapu lenu. Kama hii ingekuwa nzuri ya kutosha, ningevunja mkataba wao. Wallahi ningevunja. Lakini sina cha kuwaambia wale watu."

Ndipo nilipoona tulichokifanya, na kilinikata maini. Zamani kaka alitunga kwa kipimo cha mke wake. Safari hii alitunga kwa kipimo changu. Hatukumwita yule bibi wa sabuni. Hatukumwita yule baba aliyedhani ni paka. Karibu na karakana yetu palikuwa na mtaa mzima wa watu, wauza magodoro, mafundi viatu, watu wanaongojea tu, na sisi tulijifungia kwenye chumba cha vioo, ndugu wawili, tukajipima sisi kwa sisi.

Tuliaga. Kaka alimshika Mama Maduka mkono kwa mikono yake miwili na kumshukuru mno. Kwenye ngazi nilikuwa mbele, sioni vizuri kwa machozi, nikamsikia nyuma yangu.

"Umemwona alivyocheka?"

Nilisimama. Niligeuka nikitaka kumrarua. "Kaka, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, mdogo wangu. Tumekwisha." Alishuka ngazi moja akaja usawa wangu. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na mdomo wake, hata alipojaribu kuukaza, ulikuwa unafunguka wenyewe. "Lakini alimwambia panya pole. Uliona? Mtu mzima, na maduka yake yote, alimwambia panya pole baba. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile kwenye kitu changu. Wifi yako alikuwa akipigana nacho. Huyu alifurahi."

Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa limesikia, likafurahi, na bado linakufa. Nilimfunga koti lake kifungo kimoja kilichokubali, tukatoka nje. Njiani alinieleza jinsi ambavyo angeongeza ghala la pili, na la tatu, na panya mdogo wa kufuatana na yule mkubwa. Yalikuwa mawazo mazuri yote. Alipishana na watu bila kuwaona, mikono yake ikichora boriti hewani, na mimi nilitembea ubavuni pake nikitunga maneno ya kuwaambia akina mama. Nilitunga ya kwanza, nikayaacha. Nikatunga mengine. Nilimwomba anyamaze, hakunisikia.

Nilitaka nitangulie kuingia, lakini kaka alipanda ngazi za karakana haraka kuliko mimi, haraka kama kijana, akasukuma mlango.

Akina mama walikuwa wameacha kazi. Walikuwa wamesimama mstari mmoja kando ya meza, aproni zimenyooshwa, wamekunja mikono, wanautazama mlango. Wifi alikuwa katikati. Aliutazama uso wa mume wake, ule uso uliokuwa unawaka, akautazama kwa muda mdogo sana, kisha akapiga kofi moja kubwa na kupaza sauti:

"Tumepita!"

Chumba kikalipuka. Vifeni viliangushwa. Mmoja alipanda juu ya kiti, wengine wakakumbatiana wanne wanne, na wifi akamrukia kaka shingoni, akamzungusha, analia na kucheka, anamwambia nisamehe, nisamehe, nilikununia bure. Kaka akafungua mdomo na wala hakupata nafasi. Yule binti mdogo kuliko wote alikuwa ameshatoa simu, amejiziba sikio moja, anampigia mama yake. "Mama, kazi ipo! Kazi ipo, mama!"

Nilivuta mlango nyuma yangu ukajifunga.

"Jamani," nikasema.

Hakuna aliyenisikia, ikabidi niseme tena.